Injini ikizimika ukiwa juu na jairo: maswali tunayoulizwa sana huku Nyanda za Juu Kusini

Haya ni maswali yanayojirudia kila mtu akisikia unarusha jairoplani (jairo kwa kifupi, chombo kidogo cha angani chenye mapanga juu na propela nyuma) huku Mbeya na Iringa, mengine ya wanafunzi, mengine ya watu wanaotaka kununua, mengine ya mashemeji tu kwenye harusi. Nimeyaweka sehemu moja nisiwe narudia. Ila kusoma hapa hakukupi leseni, mwalimu wako na kitabu cha chombo chako ndo vina neno la mwisho. Namba zangu ni za jairo ya kawaida ya viti viwili yenye injini ya Rotax ya nguvu farasi 100, yako inaweza kutofautiana.

Injini ikizimika, jairo si inadondoka?

Hapana, haidondoki, inashuka. Kwenye helikopta injini ndo inazungusha mapanga ya juu. Kwenye jairo injini inazungusha propela ya nyuma tu, ile inayosukuma, na mapanga ya juu, ndo tunayaita rota, ukishakuwa angani hayana habari na injini, yanazungushwa na hewa inayopita kati yake kutoka chini kwenda juu wakati chombo kinasonga. Kuna kifaa cha kuianzisha rota ukiwa bado chini, ila kikishaachia ndo basi, kazi yake imeisha. Kwa hiyo injini ikinyamaza rota inaendelea kuzunguka vilevile. Aliyewahi kukaa chini ya mipaini pale Sao Hill ameona kambegu kenye kibawa kanavyozunguka kakishuka, hakuna injini pale na hakaji chini kwa kishindo.

Huyu aliyeibuni, Juan de la Cierva wa Hispania, alianza kuhangaika nayo baada ya ndege yake kubwa ya injini tatu kuanguka mwaka 1919 kwa sababu ya kupoteza spidi karibu na ardhi, akataka chombo ambacho kikipungua mwendo hakidondoki ghafla. Ya kwanza kuruka vizuri ilikuwa 1923. Kilichonisikitisha siku zote ni kwamba mwenyewe alikufa 1936 akiwa abiria kwenye ndege ya kawaida ya mabawa, ikipaa kutoka Croydon, London.

Kama rota haitegemei injini mbona watu wanaumia?

Kwa sababu kushuka ni kitu kimoja na kutua ni kingine. Rota itakushusha bila tatizo hadi mita tano za mwisho, hizo tano ni zako. Wanaoumia wengi wanaumia kwa namna zilezile: spidi iliisha wakiwa chini chini wakakosa nguvu ya kulainisha mguso, au walishtuka wakasukuma stiki (ile fimbo ya kuongozea) mbele kwa nguvu, au walitua sehemu ambayo hata mbuzi anapita kwa kufikiri. Na huku kwetu ongeza waya za umeme.

Sekunde za kwanza nifanye nini?

Linda spidi. Mengine yote yanasubiri.

Injini ikikata, chombo kitafanya vitu viwili vitatu kwa pamoja na ndo vinamchanganya mtu. Pua inaweza kuinuka yenyewe, hasa kwenye jairo ambazo propela inasukuma kutokea juu ya kitovu cha uzito, manake ule msukumo ulikuwa unaikandamiza pua chini na sasa haupo. Kitageuka kidogo pembeni kwa sababu mzunguko wa propela uliokuwa unakusumbua na wewe ukiuzuia kwa mguu umeondoka, sasa mguu wako umebaki unasukuma bure. Na usukani wa mkia unalegea maana hewa ya propela haiupigi tena, utahitaji kukanyaga zaidi ya ulivyozoea.

Wewe fanya hivi: shusha pua taratibu, kwa vidole siyo kwa mkono mzima, mpaka sindano ikae kwenye spidi bora ya chombo chako, nyingi ni kwenye kilomita 90 hadi 110 kwa saa. Nyoosha kwa miguu. Tazama upepo, chagua sehemu, geukia huko. Hapo zimeenda kama sekunde tano na bado hujagusa swichi yoyote, na ndo inavyotakiwa, maana kuna watu wa kwanza kuangalia wao ni dashibodi, wanasoma joto la mafuta huku spidi inaondoka.

Kwanini kila mwalimu anapiga kelele kuhusu kusukuma stiki?

Kwa sababu rota inaishi kwa uzito. Uzito wa chombo ukining'inia kwenye rota, hewa inapita kutoka chini na mapanga yanazunguka. Ukisukuma stiki mbele ghafla kuna muda mfupi uzito unaondoka, unajisikia mwepesi kwenye kiti, ile ya tumbo kupanda kifuani, na hapo hewa haipandi tena kwenye rota, mizunguko inashuka haraka sana, mapanga yanaanza kupiga ovyo na yanaweza kugonga mkia au propela. Hakuna rubani anayeweza kurekebisha hiyo. Mtu aliyezoea ndege ya mabawa ndo yuko kwenye hatari zaidi, kwa sababu amefundishwa miaka mingi kwamba injini ikikata sukuma pua chini mara moja. Kwenye jairo unashusha, ila kwa adabu. Ukihisi wepesi kwenye kiti, stiki nyuma kidogo, taratibu, na kama injini bado ina moto punguza moto.

Nina muda gani na nitafika wapi?

Mdogo na karibu. Kwa kila mita 100 za kimo utaenda mbele kama mita 300 hadi 400, basi. Ndege ndogo ya mabawa inaenda mara mbili au tatu zaidi ya hapo. Ukiwa futi 1,000 juu ya ardhi, yaani mita 300 hivi, una kama kilomita moja na muda wa sekunde 40 mpaka dakika, inategemea mashine na mzigo.

Sasa watu wakisikia kilomita moja wanaona nyingi. Toa robo kwa ajili ya kushtuka, toa nyingine kwa ajili ya kugeuka ili utazame upepo, kilichobaki ndo chako, na mara nyingi ni shamba lililo karibu chini ya miguu yako. Mi nawaambia wanafunzi wasiangalie mbele kutafuta pa kutua, waangalie chini na pembeni kwa pembe ya kama nyuzi 45 wapunguze kidogo, nje ya hapo ni ndoto. Ule uwanja mzuri wa Uyole unaouona kwa mbali haukuhusu.

Huku ni juu sana, hewa nyepesi. Inabadilisha nini?

Inabadilisha mengi, na vitabu vingi vimeandikwa na watu wanaorukia usawa wa bahari kwa hiyo hapa tulia.

Kiwanja cha Songwe kiko karibu futi 4,400, Nduli Iringa karibu 4,700, Njombe inapita 6,000, Kitulo ndo usiseme. Chukua Songwe siku ya nyuzi 25 mchana. Kwa kimo kile hewa ya kawaida ingetakiwa iwe na nyuzi 6 hivi, kwa hiyo una joto la ziada la nyuzi 19, na kila nyuzi inaongeza kama futi 120 kwenye kimo ambacho injini na rota vinakihisi. Piga hesabu, unakuta chombo kinajiona kiko futi 6,700 wakati matairi yako bado kwenye lami.

Kwanza injini, isiyo na tabo inapoteza karibu asilimia 20 ya nguvu, zile farasi 100 zimebaki 80 na kitu. Unapaa pole pole, unakaa muda mrefu kwenye kile kimo kibaya ambacho injini ikikata huna chaguo. Pili, sindano ya spidi inakudanganya kwa faida yako, ikisema 100 ukweli unaenda kama 110, rota haijali kwa sababu inasikia hewa ileile ya sindano, ila ardhi inajali sana. Utagusa chini na mwendo mkubwa kuliko uliozoea mwalimu alipokufundishia Kyela au Dar. Tatu unashuka haraka zaidi kwa kiasi hichohicho, zile sekunde 40 zinakuwa 36. Rota nayo itazunguka haraka kidogo kuliko usawa wa bahari, usishtuke ukiona namba imepanda, ni hewa.

Kosa linalofuata hapo ni la macho. Mtu anaona ardhi inakimbia, anaona anaenda kasi, anavuta stiki kupunguza, kumbe sindano imeshashuka kwenye 60. Fuata sindano, usifuate majani.

Ikikata wakati wa kupaa nigeuze nirudi kiwanjani?

Usigeuze. Tua mbele, kushoto kidogo au kulia kidogo. Kugeuka nyuma kunakula kimo ambacho huna, na ukifanikiwa kugeuka una upepo mgongoni, yaani unagusa ardhi na mwendo wa chombo ukijumlisha na wa upepo. Mwalimu wangu alikuwa anakataa hata kujadili kimo gani kinaruhusu kurudi, anasema ukianza kufanya hesabu hiyo umeshachelewa. Mi ni mlegevu kidogo, nakubali kuna kimo kinaruhusu, lakini kipime na mwalimu kwenye chombo chako, siku ya joto, mkiwa wawili, halafu ongeza.

Kinachosaidia zaidi ni namna unavyopaa. Ukiacha ardhi usivute kwenda juu kama unataka kuwaonyesha watu, baki mita moja au mbili juu ya lami, acha spidi ijae mpaka ifike ya kupandia, ndo upande. Chini chini na pole pole ndo kona mbaya kuliko zote, injini ikikata pale uko mita 15 na spidi 40 hakuna ujuzi wa kukuokoa, kimo hakitoshi kutafuta spidi na spidi haitoshi kulainisha mguso.

Huku kwetu nitue wapi?

Hili ndo swali lenye nyama kwa sababu Nyanda za Juu siyo sehemu moja.

Usangu na Mbarali kiangazi ni pazuri, tambarare, mpunga umeshavunwa, ardhi imekauka. Ila yale majaruba yana kingo, na kingo ya nusu mita inatosha kuvunja gurudumu la mbele na kukupindua. Tua ndani ya jaruba moja sambamba na kingo ndefu, usitake kuvuka. Masika sahau, maji ya kifundoni yanakamata magurudumu na chombo kinapiga pua.

Mashamba ya viazi kule Umalila, Uporoto na Njombe yana matuta. Tua kufuata matuta, hata kama upepo unakuja kwa pembeni kidogo, kuliko kuyakata. Ukiwa juu matuta yanaonekana kama mistari midogo isiyo na madhara, ukishuka unakuta tuta linakufika gotini.

Mahindi marefu ya mwezi wa pili na wa tatu: chukulia ncha za mahindi ndo ardhi. Vunja spidi ukiwa juu ya ncha, uingie ndani ukiwa umebakiwa na mwendo mdogo kabisa. Hivyohivyo kwa msitu wa mipaini Sao Hill kama huna jinsi, ila bora ungekuwa na jinsi: kule Mufindi zipo barabara za kuzuia moto kati ya vitalu, pana kiasi na zimenyooka, panga njia yako izifuate. Chai inaonekana laini sana kutoka juu, zulia kabisa, kumbe vile vichaka vina matawi magumu. Kwenye mashamba ya chai tafuta njia za trekta.

Mteremko ni kawaida huku. Tua ukipanda mlima, hata kwa upepo mdogo wa mgongoni, usitue ukishuka mlima, hutasimama. Kupanda kunataka kuvuta stiki zaidi kidogo mwishoni kwa hiyo beba spidi ya ziada kama 10.

Barabara kuu ya Tunduma inavutia, lami pana na iko wazi, lakini ina malori usiku na mchana, bodaboda wasiotazama juu, na nguzo pembeni. Mi naiweka mwisho. Uwanja wa mpira wa shule ni mzuri kwa ukubwa, jairo inahitaji sehemu ndogo sana kusimama, shida ni watoto, wakiona chombo kinashuka hawakimbii kuondoka, wanakimbia kuja.

Ukanda wa Ziwa Nyasa, ile milima ya Livingstone inayoanguka moja kwa moja majini, hakuna pa kutua hata pa kusimama mbuzi. Ukitoka Matema kuelekea kusini kaa na kimo kikubwa au usiende. Majini jairo inapinduka, rota ikigusa inapiga, kwa hiyo vaa boya kabla hujaruka, siyo ulifunge nyuma ya kiti.

Na waya. Waya hauonekani, unaonekana ukiwa umechelewa. Tafuta nguzo. Tangu REA wapeleke umeme vijijini kuna laini zinavuka mabonde, nguzo moja kilimani huku nyingine kilimani kule na katikati hakuna kitu, waya unaning'inia kwenye kimo chako hasa. Ukiona nyumba ya bati yenye dishi na nyingine ng'ambo ya bonde, amini kuna waya kati yao hata kama huuoni.

Upepo nitaujuaje bila kifaa?

Moshi. Kuanzia mwezi wa nane mpaka wa kumi wanachoma mashamba kila sehemu, huwezi kukosa. Bendera ya shule. Mikaratusi, ile mirefu inalala upande mmoja kabisa. Vumbi la basi kwenye barabara ya changarawe. Mabwawa ya maji, upande uliotulia ndo upepo unakotokea. Kipupwe upepo wetu mkuu unatoka kusini mashariki, na Makambako hauhitaji hata kuuliza. Cha kuogopa ni upande wa nyuma ya mlima, hewa inaporomoka, unaweza ukawa unashuka mara mbili ya ulivyopanga huku sindano ya spidi inakuambia kila kitu kiko sawa. Ukiwa nyuma ya Rungwe au Uporoto mchana, chagua shamba la karibu kuliko unavyodhani unahitaji.

Upepo wa mbele ni zawadi. Wa kilomita 25 kwa saa ukiutazama vizuri, jairo inaweza kugusa na kusimama bila kukimbia kabisa.

Kutua kwenyewe kunakuwaje?

Kaa na spidi mpaka karibu na ardhi, hii ndo ngumu kichwani, kwa sababu ardhi inakuja na mkono unataka kuvuta. Usivute. Kwenye mita tano hivi anza kuinua pua taratibu, kushuka kunapungua, chombo kinaenda sambamba na ardhi. Shikilia hapo, mita moja juu, spidi inaisha, unaendelea kuvuta kidogo kidogo kufidia, mpaka kinajikalisha chenyewe kwa magurudumu ya nyuma. Ukivuta mapema unaishia mita nne juu bila spidi, unashuka kwa kishindo. Ukivuta kwa nguvu unapanda tena, na mwisho ni uleule.

Ukigusa, stiki ibaki nyuma mpaka kisimame, rota inakuwa breki. Kikishasimama ndo stiki mbele na iegemee upande wa upepo. Usifungue mkanda, rota bado inazunguka na ikipungua mapanga yanashuka chini, yanaweza kukatiza kimo cha kichwa cha mtu anayekuja kukusaidia. Subiri isimame kabisa.

Naskia jairo inaweza kushuka wima, si nishuke hivyo tu?

Kushuka wima inaweza, spidi ya mbele sifuri na rota inazunguka tu, na ni njia nzuri ya kupoteza kimo ukiwa juu ya shamba dogo lililo chini yako kabisa. Ila kugusa ardhi wima ni kuvunja chombo na mgongo. Lazima urudishe spidi kabla, na hiyo inakula kimo kingi, mi nikifika futi 500 nataka pua iwe imeshashuka na sindano inapanda. Kama hujawahi kufanya na mwalimu usijifunzie siku hiyo. Kata kona kushoto na kulia, inatosha.

Nijaribu kuwasha tena?

Ukiwa na kimo, na baada ya kuwa shamba umeshalichagua na unalielekea. Koki ya mafuta imefunguliwa? Pampu ya umeme washa. Swichi zote mbili za moto wa plagi ziko juu? Choki imerudi? Washa mara moja, mbili. Chini ya futi 500 acha, mikono miwili kwenye kutua. Kuna mashine zimevunjika zikiwa na injini nzima kwa sababu rubani alikuwa ameinamia swichi.

Huku kwetu injini zinazimwa na nini hasa?

Mafuta, mafuta, mafuta, halafu baridi.

Huku juu hakuna mafuta ya ndege kila kona, tunatumia petroli ya kituo cha kawaida, tunabeba kwenye madumu. Dumu lililolala nje usiku wa Mbeya wa mwezi wa saba linatoa jasho ndani, hayo ni maji, yanakaa chini, na injini haitaki hata kijiko. Chuja kila mara, mimina kwenye chupa ya kioo usubiri uone kama kuna mstari chini. Mafuta yaliyochakachuliwa yamepungua tangu EWURA, wasimamizi wa nishati, waanze kuweka vinasaba (alama ya kutambua mafuta halali) lakini mi bado nanunua kituo kimoja nilichokizoea, na nanusa. Rotax ya farasi 100 inataka oktani 95 kwenda juu, siyo mapendekezo hayo. Halafu tundu la hewa la tangi, nyigu wanapenda kujenga humo, injini inawaka vizuri kabisa chini, inapaa, dakika kumi inakata maana tangi limevuta utupu.

Kingine ni barafu kwenye kabureta. Watu hawaamini, barafu Afrika? Haihitaji baridi ya kuganda nje, nyuzi 10 au 15 na ukungu mzito inatosha, kwa sababu petroli ikivukiza ndani ya kabureta inashusha joto sana. Asubuhi ya Tukuyu au Mufindi ndo hali yenyewe. Dalili ni mizunguko kushuka pole pole bila sababu na injini kukohoa, hasa umepunguza moto. Joto la kabureta kama unalo liweke mapema, siyo baada ya kukohoa. Raha ya hii ni kwamba ukitua barafu imeshayeyuka, fundi anakuja hakuti kitu.

Wenye injini ndogo za mapigo mawili, zile hazitoi taarifa. Pistoni inakamata na ni kimya. Kwa hizo ruka kama vile itakata dakika ijayo.

Redioni niseme nini?

Baada ya spidi na shamba. Medei mara tatu, alama ya chombo, injini imekata, uko wapi, mko wangapi, kwa sauti ya kawaida kwenye masafa uliyopo, kama hakuna anayejibu nenda masafa ya dharura, 121.5. Transponda (kifaa kinachokutambulisha kwenye rada) weka 7700, namba ya dharura, kama unayo. Uko wapi iwe kitu kinachoeleweka: "kilomita kumi kaskazini ya Chimala" siyo "juu ya mashamba". Ukiwa chini mabondeni redio haifiki, kwa hiyo ongea ukiwa bado na kimo. Simu iwe mfukoni umeifunga zipu, siyo kwenye kishikio cha dashibodi.

Mazoezi tunazima injini kweli?

Kwa mwanafunzi tunarudisha kwenye sailensi tu, yaani injini inawaka bila kupewa moto, juu ya kiwanja, na mwalimu ndani. Tofauti ipo, propela inayozunguka sailensi bado inasukuma kidogo, iliyosimama inakuvuta nyuma, kwa hiyo siku ya kweli utashuka haraka kuliko mazoezini. Fanya mara nyingi, fanya saa nne asubuhi upepo umeshaamka, ile ya saa kumi na mbili hewa imelala inamdanganya mtu. Na kila dakika chache ukiwa safarini jiulize ingekata sasa hivi ningeenda wapi, ukikosa jibu badilisha njia. Ndo maana Njombe kwenda Mbeya mi sikati juu ya milima ya Kipengere hata kama ni karibu, nafuata barabara na reli ya TAZARA.

Nimebeba abiria, nimwambie nini?

Mwambie kabla ya kuruka: nikisema tunatua, kaza mkanda, miguu nyuma, mikono kifuani, usishike stiki. Injini ikishakata, sentensi moja inatosha. Mzito wa nyuma anabadilisha spidi na kushuka, hilo ulishalijua ulipopima uzito.

Nimetua shambani kwa mtu, niko mzima. Sasa?

Funga koki ya mafuta, zima swichi, zima umeme. Watu watafika ndani ya dakika mbili, usishangae wametokea wapi. Salimia vizuri, ukiwa Uheheni au Ubena anza na kamwene, inalainisha mambo, halafu muombe mzee mmoja akusaidie kuwaweka watu mbali na mwambie kabisa hakuna sigara, kuna petroli. Kuna majeruhi piga 112, zimamoto na uokoaji ni 114.

Mtafute mwenyekiti wa kijiji au mtendaji mapema kabla hajakutafuta yeye. Mazao uliyoharibu yahesabiwe mbele yake, muandikishane, ulipe. Mahindi ya mtu ni chakula cha mwaka, usianze kubishana kuhusu bei ya gunia huku umekaa kwenye chombo cha mamilioni. TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, wapigiwe siku hiyohiyo, na kama kuna aliyeumia au chombo kimevunjika usikisogeze mpaka wanaochunguza ajali waseme, isipokuwa kumtoa mtu au kuzuia moto.

Nikikuta ni maji tu kwenye mafuta, nitoe niruke palepale?

Ukisharipoti na ukaruhusiwa, mwenye sheria siyo mimi, lakini kiufundi mara nyingi jibu ni hapana. Jairo inasimama sehemu ndogo, kuruka inataka kubwa mara kadhaa, na kwa hewa ya huku na matuta yale huna hiyo nafasi. Hata magurudumu na kichwa cha rota vimepata mshtuko ambao hujauona. Fungua mapanga, kila moja ni kama mita nne, yafunge kwenye godoro na mablanketi yasipinde, mwili wake unaingia kwenye Fuso ukiwa umesimama, mlingoti ukipita nje ya bodi angalia waya njiani. Magurudumu yafungwe kwa kamba za kukaza, siyo za katani, na mtu wa kukaa nyuma awe mzima kichwani maana barabara ya kutoka vijijini mpaka lami inarusha.